Redio ya masafa mafupi inavuma tu nyumbani: ni mbovu, au masafa yenyewe yamekwisha?

Mtoto wa Mwalimu (Morogoro)

Ndugu zangu, naomba msaada wenu kabla sijafanya uamuzi wa haraka. Mwezi uliopita nilinunua Kariakoo redio ndogo ya mkononi aina ya Tecsun PL-330, nikikusudia kumpelekea baba yangu, mwalimu mstaafu anayeishi kijijini huko Mahenge. Baba ni msikilizaji wa masafa mafupi tangu ujana wake. Nyumbani tulikokulia kulikuwa na redio kubwa ya betri sita, ikikaa juu ya kabati chini ya kitambaa kilichofumwa kwa mkono, na sisi watoto tulikatazwa kabisa kugusa kitufe cha kutafutia stesheni, kwa sababu mshale ukisogea unywele mmoja tu London ilipotea, na kuipata tena ilikuwa kazi ya mtu mwenye subira.

Sasa baba yupo hapa kwangu kwa ajili ya matibabu ya macho, nikaona afadhali aijaribu mwenyewe kabla ya kuondoka nayo. Tuliiwasha sebuleni saa tisa alasiri. FM inasikika vizuri ajabu, lakini katika masafa mafupi, kuanzia kilohezi 3000 hadi juu ya 21000, hakuna kitu isipokuwa mvumo mzito kama wa mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili, na ndani yake sauti mbili tatu za mbali ambazo sikuweza kutambua hata lugha yake. Usiku tulirudia, mvumo ukawa mkubwa zaidi. Fundi mmoja wa hapa mjini aliishika, akaigeuza, akasema bila kuifungua kwamba ni bandia, na kwamba redio yenye umbo dogo kiasi hicho haiwezi kushika masafa mafupi. Kaka yangu naye ana maelezo yake: redio ni nzima, ila masafa mafupi yenyewe yamekwisha, stesheni zote zimehamia FM na mtandaoni, na mimi nimenunua chombo cha makumbusho kwa zaidi ya shilingi laki mbili.

Muuzaji amekubali kuipokea iwapo nitaipeleka kabla ya mwisho wa wiki hii. Ninaomba kujua mambo mawili. Mimi nisiye fundi nitatambuaje kama redio ni mbovu? Na ikiwa ni nzima, je, mzee wa miaka sabini na minne aliyezoea kupata habari kwa Kiswahili atakuta chochote cha kusikiliza, au nitakuwa nimempelekea mvumo?

Fundi Mstaafu (Iringa)

Mwanangu, usiirudishe bado, na mpe mwalimu salamu zangu. Nimetengeneza redio kwa zaidi ya miaka thelathini, na nyingi kati ya zile nilizoletewa katika miaka ya karibuni kwa madai ya kutoshika masafa mafupi zilikuwa nzima kabisa. Kilichokuwa kibovu ni mahali ziliposikilizwa.

Mvumo unaoueleza, ule wa mashine ya kusaga, naufahamu. Kila chaja ya simu, kila balbu ya LED, televisheni, king'amuzi na kompyuta mpakato ina ndani yake sakiti inayoukatakata umeme maelfu mengi ya mara kwa sekunde ili kuupunguza nguvu. Ukataji huo huzaa mawimbi ya redio ambayo hakuna aliyeyakusudia, yanayojirudia kwa vipindi kuanzia masafa ya kati hadi ndani kabisa ya masafa mafupi, na nyaya zilizopita ukutani na darini huyasambaza nyumba nzima kana kwamba zilitandazwa ziwe antena. Redio ya juu ya kabati haikukutana na adui huyo, kwa sababu nyumba yenu ya wakati ule ilikuwa na kibatari, au ikizidi sana balbu mbili za waya, na balbu ya waya haina sauti yoyote redioni. Ama FM, yenyewe imepona kwa sababu iko mbali huko juu, kati ya megahezi 88 na 108, na kwa sababu namna yake ya kubeba sauti haijali wimbi likipanda na kushuka nguvu, wakati kelele za umeme hasa ndivyo zinavyofanya: huongeza na kupunguza nguvu ya wimbi.

Jaribu hivi. Ichaji redio mpaka ijae, kisha chomoa chaja, usisikilize hata siku moja redio ikiwa imechomekwa. Ikifika saa moja na nusu usiku, iwashe sebuleni, tafuta stesheni yoyote dhaifu kati ya kilohezi 9400 na 9900, halafu mtu mwingine azime swichi kuu ya nyumba. Ikiwa mvumo utaanguka ghafla na sauti ya mtu ikajitokeza, umekwishapata jibu la swali lako la kwanza. Ikiwa mvumo utabaki vilevile, toka na redio, nenda kwenye kiwanja cha mpira au mahali pengine palipo wazi, mbali na nguzo za umeme na nyumba za watu, vuta antena yote, urudie. Redio isiyoshika kitu hata pale, saa hiyo, ndiyo ya kurudishwa.

Baada ya kuthibitisha, usiishie kwenye swichi kuu, kwa maana huwezi kuishi gizani. Washa umeme, zima breka moja moja, kisha chombo kimoja kimoja, huku redio ikiwa mkononi, na utashangaa jinsi inavyogeuka kuwa kifaa cha kupimia: ukiisogeza karibu na mkosaji, inapiga kelele. Mimi niliwahi kuwinda mvumo wa namna hiyo kwa wiki mbili ndani ya nyumba yangu, nikabadilisha balbu zote, nikamgombeza mke wangu kwa sababu ya chaja yake, kumbe ilikuwa balbu ya nje ya choo cha jirani. Nilimnunulia nyingine kwa fedha yangu, na hakuuliza sababu.

Jambo jingine ambalo watu hulisahau ni mabati na nondo za madirishani. Nyumba iliyoezekwa kwa mabati, yenye nondo kila dirisha, humzuilia msikilizaji sehemu kubwa ya mawimbi na wakati huohuo humfungia ndani pamoja na kelele zake mwenyewe. Kusogea kutoka kwenye kochi hadi barazani kunaweza kukupa faida kuliko kununua redio ya bei mara mbili. Kwa hiyo yule aliyekuambia kwamba umbo dogo haliwezi, mwache na elimu yake.

Mtoto wa Mwalimu (Morogoro)

Shikamoo mzee wangu, na asante sana. Nimefanya kama ulivyonielekeza. Tulipozima swichi kuu, mvumo ulishuka kama mtu aliyefunga bomba, na mahali palipokuwa na mnong'ono pakatokea mwanamume anayesoma habari kwa Kifaransa, akisikika wazi kiasi kwamba baba alisimama. Wakosaji kwetu ni watatu: king'amuzi (ambacho hakinyamazi hata kikizimwa kwa rimoti, mpaka kichomolewe ukutani), balbu mbili za jikoni, na chaja moja ya simu niliyoinunua njiani kwa bei ya kutupwa. Redio hairudi dukani.

Lakini swali la pili bado. Tulikaa barazani tangu saa mbili hadi saa nne usiku, tukapata Kifaransa, Kichina, Kiarabu na Kihausa, Kiswahili hatukupata. Je, tulikosea saa au tulikosea mahali pa kutafuta? Na kama kuna namna ya kuongeza antena ya waya, naomba maelezo, maana baba anasema wao walifunga waya kwenye mwembe.

Msikilizaji wa Pwani (Tanga)

Kwa heshima ya mwalimu, nitajibu kwa urefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokata tamaa: wanawasha redio kama wanavyowasha FM, wakitarajia stesheni iwe mahali pake muda wote. Masafa mafupi hayaendi hivyo. Yana maji kupwa na maji kujaa kama bahari, na asiyejua saa za maji huiona bahari haina samaki.

Mawimbi haya hufika mbali kwa sababu yanapopanda angani hukutana na matabaka ya hewa iliyochajiwa na jua, yaitwayo ayonosfia, nayo huyapinda yakarudi chini. Tabaka la juu, lililo takribani kilomita 200 hadi 400 kutoka ardhini, ndilo rafiki yetu, kwa kuwa ndilo linalorudisha wimbi. Tabaka la chini, lililo kati ya kilomita 60 na 90, huwepo mchana tu, na kazi yake kwetu ni kumeza mawimbi, hasa yale ya kilohezi chache. Jua likizama tabaka hilo hutoweka kwa muda mfupi. Ndiyo maana mchana utafute juu, kwenye kilohezi nyingi, yaani mita 19, 16 na hata 13. Asubuhi na mapema, pamoja na usiku mwingi, ushuke mita 49, 41 na 31. Na jioni, kuanzia magharibi hadi saa nne hivi, mita 31, 25, 22 na 19 ndizo zenye soko. Kwa redio yako inayoonyesha kilohezi badala ya mita, gawanya 300,000 kwa kilohezi unazoziona: 11735 itakupa mita 25 na nusu hivi. Kwa bahati nzuri umenunua redio katika kipindi kizuri, maana jua lina mzunguko wa miaka 11 hivi na kilele cha mzunguko huu kilikuwa karibu na 2024, kwa hiyo mita za juu bado zina uhai mchana.

Kilichowafanya mkose Kiswahili nadhani ni saa. Hakuna tena stesheni ya nje inayotangaza Kiswahili katika masafa mafupi usiku kucha. Ni vipindi vya nusu saa au saa moja, na ukichelewa umekwishapitwa. Jedwali la matangazo hutolewa mara mbili kwa mwaka, kwani stesheni hubadilisha masafa yake Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Orodha iitwayo EiBi hupatikana bure mtandaoni, unaweza kuipakua mara moja na kumchapishia mzee kurasa za Kiswahili pekee kwa maandishi makubwa. Katika misimu ya karibuni nimekuwa nikiyaona humo majina ya NHK ya Japani, Redio ya Vatikani, Redio China Kimataifa, na stesheni za Kikristo kama AWR na ile ya TWR iliyoko Eswatini, ambayo inarusha tangu 1974.

Saa zote katika majedwali hayo ni za kimataifa, yaani UTC, na hapa sisi wenye kuhesabu saa kwa Kiswahili tuna njia ya mkato ambayo hakuna kitabu cha maelekezo kinachoitaja: toa tatu. Ikiandikwa 0400, toa tatu, ni saa moja asubuhi. Ikiandikwa 1700, toa tatu upate 14, toa na kumi na mbili, ni saa mbili usiku. Kuanzia 0300 hadi kabla ya 1500 ni mchana kwetu, zilizobaki ni usiku. Nilimfundisha mjomba wangu hesabu hiyo kwa dakika moja, baada ya miaka mingi ya yeye kuongeza na kupunguza kwenye kiganja.

Nina neno moja kuhusu ujirani, kwa sababu najua mwalimu atauliza. Stesheni iliyo karibu si lazima isikike zaidi. Zanzibar kwa miaka mingi ilirusha kwa kilohezi 11735 kutoka mitambo ya Dole, Unguja, na wapenzi wa masafa mafupi wa Ulaya na Japani waliisubiri kwa hamu kwa ajili ya taarabu yake, huku mimi hapa Tanga, ng'ambo ya maji tu, nikiipata kwa shida. Wimbi la masafa hayo likipanda na kupindwa hutua mamia ya kilomita mbali, na katikati huacha eneo la ukimya. Kwa hiyo Mahenge panaweza kusikika stesheni ambazo Morogoro hazipo, na kinyume chake, msishangae.

Pia msidhani redio imeharibika mkisikia sauti ikitetemeka kwa kasi, kama mtu anayezungumza mbele ya feni, hasa saa chache baada ya jua kuzama. Sisi tulio karibu na ikweta tuna shida hiyo kuliko watu wa kaskazini, kwa kuwa tabaka la juu kwetu huvurugika baada ya magharibi. Hutulia lenyewe kadiri usiku unavyokwenda.

Kijana wa Mjini (Nairobi)

Ninawaheshimu wazee waliotangulia, lakini naona tunamficha dada yetu sehemu ya ukweli. Wakati baba yake anaanza kusikiliza, dunia nzima ilikuwa ikigombea masikio ya Waswahili: Cairo ilianza matangazo ya Kiswahili 1954, BBC 1957, Ujerumani 1963. Leo vita hivyo vimehamia kwenye simu. Kituo cha Kigali cha Deutsche Welle (DW), redio ya Ujerumani, kilichokuwa kikirusha tangu 1965, kilizimwa tarehe 28 Machi 2015. Sauti ya Amerika ilisimamishwa ghafla mwezi Machi 2025 kwa amri ya serikali ya Marekani. Mzee aliyekuwa na meza iliyojaa vyakula sasa anaambiwa akae na jedwali, atoe tatu, asubiri nusu saa ya habari na mahubiri. Kwa laki mbili angenunuliwa simu nzuri na vifurushi vya miezi kadhaa, akasikiliza DW, BBC na RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, kwa saa anayotaka yeye, bila mvumo.

Mtu wa Ziwa (Bukavu)

Ndugu yangu wa Nairobi, uliyoyasema kuhusu stesheni kufungwa ni kweli, wala sitakubishia. Lakini simu haina nguvu yake yenyewe. Nguvu iko kwa mwenye mtandao. Sisi huku Kongo tulipiga kura tarehe 30 Desemba 2018, na kesho yake intaneti ikakatwa nchi nzima, ikakaa hivyo karibu siku ishirini. Ujumbe wa simu nao ukakatwa. FM ya RFI ikazimwa katika miji kadhaa. Watu walikuwa na simu za bei kubwa mifukoni ambazo hazikuwa na tofauti na tochi. Uganda nayo ilizima intaneti kwa siku kadhaa katika uchaguzi wa Januari 2021. Siku hizo za 2019, nyumbani kwa shemeji yangu kulikuwa na redio ya mkononi isiyo kubwa kuliko kitabu cha sala, na kila jioni baraza lake lilijaa majirani, kwa maana Kifaransa cha RFI kilichorushwa kutoka Issoudun, huko Ufaransa, hakikupita kwenye mlingoti wowote ambao mtu wa kwetu angeweza kuuzima. Inawezekana kuyachafua masafa mafupi kwa kurusha kelele juu yake, hilo najua, lakini hiyo ni kazi ya gharama, si ya kubonyeza swichi.

Tena dada hakutuuliza achague kati ya simu na redio. Ameuliza kama mzee atapata kitu. Atapata, ila kwa uchache kuliko zamani, na huenda atalazimika kusikiliza Kiingereza cha BBC na Kifaransa pamoja na Kiswahili. Kwa mwalimu hilo si tatizo.

Kuhusu hesabu ya ndugu wa Tanga, huku kwetu haitufai, maana tuko saa moja nyuma yenu na saa tunazihesabu kwa kufuata Kifaransa. Sisi tunaongeza mbili tu.

Fundi Mstaafu (Iringa)

Nimerudi kwa ajili ya waya, kwa kuwa dada aliuliza na hakujibiwa.

Mwalimu hajasahau: mwembe ndio wenyewe. Tafuta waya mwembamba wa umeme wenye ganda la plastiki, mita saba hadi kumi, usizidishe. Fundi wa zamani angekuambia kadiri waya unavyorefuka ndivyo bora, na kwa redio ile ya kabatini ilikuwa kweli, lakini redio hizi ndogo za kisasa zina masikio mepesi, ukizilisha waya mrefu mno hulewa. Dalili ya ulevi huo ni kusikia stesheni moja kubwa katika sehemu kumi tofauti za masafa, au kusikia FM na masafa ya kati yakivuja ndani ya masafa mafupi. Ukiona hivyo, fupisha waya.

Ncha ya mbali ifunge kwenye tawi kwa kamba ya nailoni, na kati ya kamba na waya weka kipande cha ndara iliyokatika, ukitoboe matundu mawili. Plastiki na mpira huo hautavujisha chochote hata mvua ikinyesha. Waya uende mbali na nyumba, usitambae sambamba na nyaya za umeme wala kupita juu ya bati. Ncha ya huku ibanwe kwenye antena ya redio kwa kibanio kidogo cha chuma, au itiwe katika tundu la antena lililo ubavuni kwa plagi ndogo kama ya spika za masikioni. Masika yakianza, mwalimu achomoe waya kila anapomaliza kusikiliza na kuutupa nje ya dirisha. Radi haihitaji kuupiga mwembe wenyewe. Ikipiga jirani tu, umeme unaozalishwa ndani ya waya unatosha kuua redio.

Mahenge kama hakuna umeme wa gridi, basi atakuwa anachaji kwa sola, na hapo mnipe sikio. Redio hii inatumia betri ya BL-5C, ileile ya simu za zamani za Nokia, kwa hiyo betri ya akiba haitakusumbua kuipata, mnunulie mbili. Mchana moja iwe kwenye redio na jioni abadilishe. Nasema hivi kwa sababu kontrola za sola, hasa zile za bei ndogo, zina ukatajikataji uleule wa chaja, na mzee akikaa karibu nayo atapata mvumo wa Morogoro katikati ya msitu. Kelele yake huwa kubwa mchana jua likiwa kali na hupungua usiku, lakini inveta ikiwashwa hurudi. Akae hatua ishirini kutoka kwenye vifaa hivyo, au azime inveta.

Antena ya redio isikunjwe kwa kusukumwa kutoka nchani, ipunguzwe kipande kwa kipande kuanzia chini, na akiondoka nyumbani kwa muda mrefu betri itolewe. Wewe wa Tanga nadhani una la kuongeza kuhusu kutu.

Msikilizaji wa Pwani (Tanga)

La kuongeza ni fupi: Mahenge haina chumvi ya bahari, kwa hiyo wamebahatika. Sisi hufuta antena kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila wiki, na tusipofanya hivyo viungo vyake huanza kukwaruza redioni kila upepo unapovuma.

Mtoto wa Mwalimu (Morogoro)

Nimerejea jana kutoka Mahenge, nami nawiwa taarifa. Waya umefungwa, si kwenye mwembe bali kwenye mparachichi, maana mwembe ulikatwa mwaka juzi. Kijijini kwa baba simu hushika mtandao mtu akipanda kilimani nyuma ya kanisa, kwa hiyo shauri la ndugu wa Nairobi nalikubali kwa mjini, huko lisingefaa. Jioni ya kwanza tulikaa chini ya mti na jedwali, baba akakataa nimfanyie hesabu. Alitoa tatu mwenyewe, saa ikafika, akaandika masafa, na Kiswahili kikaingia kikiwa na mtetemo ule wa feni mlioutaja, kisha baada ya dakika kama arobaini kikasafika. Asubuhi, kabla ya saa moja, usikivu ulikuwa bora zaidi ya jioni, jambo ambalo sikulitarajia. Sasa ana daftari la mistari mikubwa, anaandika tarehe, saa, kilohezi, lugha na alama kati ya moja na tano kama aliyesahihisha mitihani, na Redio Cairo amekwishaipa mbili kwa sababu ya sauti yake kufifia kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi.

Amenituma swali moja. Karibu na kilohezi 14200 mchana, na 7100 usiku, anasikia watu wanaozungumza kama bata, maneno hayaeleweki hata kidogo, na hakuna muziki wala tangazo la jina la stesheni. Anauliza kama huo ni uchafuzi wa makusudi.

Fundi Mstaafu (Iringa)

Mwambie mwalimu hapana, hao ni watu wenye leseni ya kuzungumza wao kwa wao kwa redio, na sauti zao hurushwa kwa namna iitwayo SSB, inayopunguza sehemu ya wimbi ili kuokoa nguvu, ndiyo maana redio ya kawaida huwasikia kama bata. Redio yake ina kitufe cha SSB. Akibonyeze, achague upande wa juu, USB, anapokuwa 14200, na upande wa chini, LSB, anapokuwa 7100, kisha azungushe polepole sana kitufe cha kutafutia mpaka bata awe mtu. Kila mmoja wao hujitaja kwa herufi na tarakimu: wanaoanza na 5H ni wa Tanzania, 5Z ni wa Kenya. Kusikiliza hakuna masharti, ila akitaka kuwajibu itabidi aombe leseni kwanza TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Awaandike nao katika daftari, mwishoni, kwenye kurasa zao peke yao, kwa sababu hao hawamo katika jedwali lolote.